DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 9: Kiu isiyoisha baada ya futari

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Leo nilikuwa nimekusudia tuendelee na adabu za daku. Lakini jana usiku katika tarawehe nilimwona kijana mmoja ametoka kwenye safu mara tatu kwenda chooni, na kila akirudi anapitia kwenye dumu la maji kwanza. Nikakumbuka jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Naona nilitoe leo, maana kulificha hakunisaidii mimi wala hakuwasaidii nyinyi.

*Swali la udhu*

Miaka michache iliyopita, ndani ya kumi la kwanza la Ramadhani kama hivi tulivyo sasa, alinijia mtu mmoja baada ya tarawehe. Ni mfanyabiashara wa hapa Kariakoo, umri kama miaka hamsini na kitu, mtu wa safu ya mbele. Akaniambia: "Ustadhi, nina tatizo la udhu. Mkojo haunipi nafasi. Nikimaliza rakaa nne tu, lazima nitoke. Usiku naamka mara tano, mara sita. Je, sala yangu ikoje?"

Mimi nikafurahi kwa swali zuri. Nikamfundisha mas-ala ya mwenye udhuru wa mkojo kama nilivyosomeshwa: asubiri wakati wa sala uingie, ajisafishe, ajikinge na kitambaa, achukue udhu, asali papo hapo, wala asiwe na wasiwasi. Nikamsomea na ruqya kidogo. Nikamwambia apunguze maji usiku. Akashukuru, akaondoka.

Jibu la fiqhi lilikuwa sahihi kitabuni. Ila halikuwa jibu la alichonacho yule mtu. Wala sikumuuliza swali hata moja: imeanza lini, una kiu, umekonda? Na alikuwa amekonda, jamani. Kanzu ilikuwa inamning'inia. Mimi nikasema moyoni, mashaallah, swaumu imemkubali.

Siku sita baadaye hakuonekana. Kwa mujibu wa shemeji, yaani mkewe, kila magharibi alikuwa akifungua kwa soda mbili za baridi na juisi ya miwa, kwa sababu kiu ilikuwa haikatiki. Kadiri anavyokunywa ndivyo inavyozidi. Mwisho akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, akalala na hakuamka vizuri. Walipomfikisha hospitali, kimashine cha kupimia sukari hakikutoa namba. Kiliandika herufi mbili tu, HI, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kukisoma. Na mguuni alikuwa na kidonda kilichosababishwa na kandambili, ambacho mwenyewe alikuwa hakisikii kabisa.

Alhamdulillah, Allah alimbakisha. Kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Nilipokwenda kumtazama nikamuuliza, kaka, mbona hukuuliza mapema? Akanitazama akasema: "Ustadhi, mimi nilidhani nimeshauliza."

Neno lile sijalisahau mpaka leo.

*Kisa cha mtu aliyepasuka kichwa*

Wengi mnakijua kisa alichokisimulia Jabir (r.a.), kimo katika Sunan Abi Daud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akapata janaba usingizini. Akawauliza wenzake: je, ninayo ruhusa ya kutayamamu? Wakamwambia hatuoni ruhusa, maji unayo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alikasirika sana. Akawalaumu kwa kumsababishia mauti, na akafundisha kwamba kama hawajui wangeuliza, kwa kuwa ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Kisa hiki nilikuwa nakisomesha kila mwaka, nikidhani kinawahusu watu wengine. Kumbe na mimi nimo. Wale waliulizwa swali la twahara na mbele yao kuna mtu mgonjwa, na mimi vilevile.

Katika Abu Daud hiyohiyo imo habari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) akaenda kumtazama, akaweka mkono wake kifuani pake, kisha akamwelekeza aende kwa Al-Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Basi tuzingatie: huyu ni Mtume, dua yake haina mfano, na bado anamtuma sahaba wake kwa tabibu. Sasa mimi imamu wa mtaa nani kaniambia niishie kwenye ruqya?

*Mwilini kunatokea nini*

Tuieleze kwa lugha nyepesi. Chakula tunachokula, kuanzia ugali, wali na mihogo mpaka tende, kinageuka sukari na kuingia kwenye damu. Kiungo kinachoitwa kongosho hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye chembe za mwili ziweze kupata nguvu. Mwenye kisukari ama insulini haipo, ama ipo lakini mwili hauiitiki vizuri. Basi sukari inabaki imejaa kwenye damu huku mwili wenyewe una njaa.

Sukari ikizidi sana, figo zinashindwa kuirudisha yote, nyingine inatoka na mkojo. Na sukari haitoki peke yake, inavuta maji. Ndiyo maana mtu anakojoa sana. Akikojoa sana anakauka, ndiyo maana ana kiu sana. Na kwa kuwa chakula hakiwafikii wenyewe, mwili unaanza kula mafuta na nyama zake, ndiyo maana anakonda na kuchoka. Kwa hiyo mkojo, kiu, uchovu na kukonda ni ugonjwa mmoja unaonekana katika sura nne.

Wazee wetu walikuwa wanasema sisimizi wakijaa alipokojoa mtu, kuna jambo. Hawakukosea. Na maulamaa wetu wa tiba waliushughulikia ugonjwa huu zamani. Abdul-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231 miladia, aliuandikia risala maalumu. Kwa hiyo asije mtu akatuambia ni ugonjwa wa kizungu.

Hapa Tanzania, mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wao wa vijijini, na wenye kisukari walikuwa hawafiki wawili katika kila watu wazima 100. Ulipofanyika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ilikuwa takriban 9 katika kila 100. Hebu zihesabu safu za msikiti wako leo usiku.

*Ramadhani inaficha*

Hapa ndipo penye hatari. Miezi mingine mtu akiwa na kiu kutwa, amechoka, amekonda, watu watamuuliza. Ramadhani hakuna anayeuliza, kwa sababu sote tuna kiu, sote tumechoka. Akiamka usiku, si anaamkia daku? Kwa hiyo ugonjwa unajificha ndani ya ibada.

Tofauti ipo, nayo ni hii:

▪️ Kiu ya swaumu inakatika ukifungua. Unakunywa bilauri mbili tatu, imekwisha. Kiu ya kisukari haikatiki. Umekunywa, na ukifika tarawehe koo limekauka tena.

▪️ Aliyefunga mchana mkojo wake hupungua, tena huwa na rangi kali, kwa sababu hajanywa. Ukiona umefunga, hujaonja tone tangu alfajiri, na bado unakwenda chooni kila mara na mkojo ni mwingi, hiyo si swaumu.

▪️ Uchovu wa swaumu unapungua ukila na kulala. Uchovu wa kisukari unaamka nao.

▪️ Kupungua kidogo kwa mwezi mzima ni kawaida. Lakini suruali inahitaji tundu jipya la mkanda na bado hatujafika nusu ya mwezi, hapo simama ujiulize.

*Dalili nyingine msizipuuze*

Macho kuona ukungu, leo unaona vizuri kesho huoni. Ganzi au kuchomachoma miguuni na vidoleni. Kidonda kisichopona. Majipu yanayojirudia. Muwasho na fangasi sehemu za siri, wanawake kwa wanaume. Mama zangu, ukitibiwa fangasi au UTI mara ya pili, mara ya tatu, inarudi, muulize daktari kuhusu sukari. Usione haya, hakuna haya katika dini wala katika tiba.

Na watoto. Mtoto aliyekwisha acha kukojoa kitandani, ghafla ameanza tena, anakunywa maji bila kushiba, anakonda, usimchape wala usimwite kikojozi. Mpeleke akapimwe siku hiyohiyo. Akianza kutapika, tumbo kumuuma, kupumua kwa nguvu na haraka, mdomo unanukia kama matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura, usingoje kesho. Kisukari cha watoto kinakwenda mbio.

Tujue pia kwamba wengi hawaoni dalili yoyote kwa miaka. Kwa hiyo mwenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, mwenye kitambi, mwenye presha, aliyevuka miaka 40, na mama aliyepata kisukari alipokuwa mjamzito, hawa wapime hata kama wanajisikia wazima.

*Kwa nini hatuendi?*

Yule ndugu yetu nilimuuliza baadaye. Akanipa sababu tatu, na zote ni za kwetu.

Ya kwanza, aliogopa maneno. Mtu akikonda mtaani kwetu watu wanamalizana kwa macho: "Ana ule ugonjwa." Basi akawa anavaa kanzu kubwa na kusema amefunga sana. Ndugu zangu, ulimi unaomsema aliyekonda unamzuia asiende kupima. Hiyo ni ghiba, na wakati mwingine ni ghiba inayoua.

Ya pili, alidhani ametupiwa kitu, kwa sababu biashara yake ilikuwa inakwenda vizuri. Husda ipo, tunaiamini. Lakini nani alikuambia husda ikiwepo kongosho haliugui? Jisomee Ayatul Kursiy na Muawidhatayn, halafu nenda kapime. Kipimo hakiitoi imani ya mtu.

Ya tatu, alikuwa ameshanunua dawa ya chupa kwa mchuuzi, aliyemwambia inasafisha sukari kwa siku saba. Mtu hajapima anasafisha nini? Habbat sauda tunaiheshimu kwa hadithi iliyopokewa kuihusu, mdalasini na mlonge ni neema za Allah. Lakini usiviweke mahali pa kipimo, wala usiache dawa ya hospitali kwa sababu yake. Na ukivitumia mwambie daktari, asije akachanganyikiwa na namba zako.

*Kipimo chenyewe*

Ni tone moja la damu kwenye ncha ya kidole, na jibu linatoka hapohapo. Je, kinafunguza? Hapana. Tone la damu linalotolewa kwa ajili ya kipimo halibatilishi swaumu. Basi hakuna wa kusema "nitapima baada ya Idi."

Tena ukitazama, Ramadhani imekurahisishia. Kipimo cha sukari ya kufunga kinataka uwe hujala saa nane au zaidi. Ukimaliza daku kabla ya saa kumi na moja alfajiri, basi ukitoka kusali Adhuhuri ikafika saa saba au saa nane mchana, umeshatimiza. Mwambie muuguzi saa uliyokula mara ya mwisho.

Namba zake, kwa kipimo tunachotumia hapa cha milimoli kwa lita:

▪️ Umefunga, ni chini ya 6.1: kawaida.
▪️ Umefunga, ni kati ya 6.1 na 6.9: imepanda, bado si kisukari, lakini ni onyo.
▪️ Umefunga, ni 7.0 au zaidi: kiwango cha kisukari.
▪️ Wakati wowote, hata umekula, ni 11.1 au zaidi na una dalili: kiwango cha kisukari.

Cha duka la dawa kinakupa mwanga. Uamuzi ni wa daktari, na kama huna dalili atarudia kipimo siku nyingine kabla ya kukuambia. Lakini ukiwa na dalili na namba imepanda, nenda siku hiyohiyo. Na sisi hapa hatuna udhuru wa umbali. Hospitali ya Mnazi Mmoja tunaipita kila siku tukienda na kurudi sokoni. Wa Ilala wana Amana. Tunasimama foleni ya tambi na tende kabla ya magharibi, na foleni ya kupima tuiweze.

*Ukikutwa nayo*

Kwanza, usikate tamaa. Yule ndugu yetu leo anameza dawa, anatembea kwa miguu kuja alfajiri, na yumo safu ya mbele. Rakaa zake nane anamaliza bila kutoka.

Pili, usijiamulie peke yako kufunga au kutofunga. Wagonjwa hawalingani. Yuko anayeweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa, na yuko ambaye kufunga ni hatari kwake. Muulize daktari, na mwakani nenda mapema, tangu Rajabu au Shaabani. Daktari muaminifu akikwambia usifunge, hiyo ndiyo hukumu yako. Aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara zimempa mgonjwa ruhusa waziwazi, na zinabainisha kwamba Allah anatutakia wepesi. Kukataa ruhusa ya Mola wako ukajidhuru, hapo hakuna ucha Mungu.

Anayetarajiwa kupona atalipa siku zake baadaye. Ambaye maradhi yake ni ya kudumu na hawezi kufunga kabisa, atatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Siku 30 ni vibaba 30, yaani pishi saba na nusu za mchele kwa masikini. Huyo hana deni, na ujira wake kwa nia yake uko kwa Allah.

Tatu, ukiwa unatumia dawa na umefunga, ukasikia jasho la baridi, unatetemeka, moyo unakwenda mbio, akili inazunguka, hapo sukari imeshuka. Fungua papo hapo kwa kitu cha sukari, hata ikiwa zimebaki dakika tano kwa adhana. Ukipima ukakuta chini ya 3.9, fungua. Ikiwa juu ya 16.6, fungua pia, kunywa maji, na umwone daktari. Na usiache dawa eti kwa kuwa umefunga.

Nne, futari. Sisemi tuache mihogo, magimbi wala kaimati za mama. Nasema tupunguze. Fungua kwa tende moja au tatu na maji. Juisi ya miwa, soda na sharubati si maji. Mwenye kiu akinywa hizo, na sukari yake iko juu, anamwagia moto mafuta ya taa.

*Kwa maustadhi wenzangu*

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi tunaoulizwa. Watu wanatuamini kabla hawajamwamini daktari. Wanatuletea mwili kwa lugha ya ibada: "Udhu haukai." "Nashindwa kusimama kwenye sala." "Miguu haina hisia, sijui kama nimeiosha." "Nasahau rakaa." Jibu mas-ala, kisha muulize: imeanza lini? Umepima? Nani atakusindikiza? Mtu akitoka kwako awe ameulizwa hayo. Mimi nililijua hilo kwa kidole cha mguu cha ndugu yangu, nyinyi lijueni kwa darsa hii.

Yule kijana wa jana nimemtafuta leo baada ya alfajiri. Nilimuuliza maswali hayo matatu. Kesho in shaa Allah baada ya Adhuhuri nakwenda naye kupima, na mimi mwenyewe nitatoa kidole, maana miaka 40 nimeshaivuka na marehemu baba alikuwa nayo. Anayetaka kufuatana nasi akutane nasi mlangoni mwa msikiti, tutakwenda kwa miguu.

*Kazi ya leo:* kabla ya kulala, mpigie mzazi wako au mtu mmoja wa nyumbani, muulize: usiku unaamka mara ngapi? Kiu ikoje baada ya futari? Kisha sikiliza jibu mpaka mwisho.

Allahumma Rabban-naas, ewe Mola wa watu, waondolee wagonjwa wetu shida, waponye, kwani Wewe ndiye Mponyaji. Wape nguvu waliokwisha jua maradhi yao, na uwafungulie njia wasiojua. Utusamehe tulipojibu bila kuuliza. Amin.

Mtumie mwenzako mmoja unayemjua amekonda. Usimwambie amekonda, mtumie tu.

Kesho in shaa Allah, siku ya 10: tutarudi kwenye daku na baraka yake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.